Mama Mkwe Yuko Kalibu

Kicheko cha mama mkwe wangu kilikuwa mali ya umma. Akicheka shambani kwake Kabuchai, watu wa Bungoma mjini walianua nguo wakidhani ni radi. Kama nimeongeza chumvi, ni kijiko tu. Halafu mwaka mmoja, katika ile miaka ya elfu mbili na kitu, alimenya muwa kwa meno kama alivyofanya maisha yake yote, na jino la mbele likabaki nusu. Tangu siku hiyo akawa anaongea na kiganja mdomoni. Kicheko kikaisha. Mke wangu alisema hata kuku wa pale nyumbani walikuwa wanamtazama kwa wasiwasi.

Wakati huo nilikuwa fundi wa meno Kitale, kwenye karakana ndogo nyuma ya kliniki ya daktari mmoja mwanamke. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa Kimilili, na mama alikuwa ameshatangaza kwamba atakwenda na leso imemfunika nusu ya uso.

"Si wewe ndiye unatengenezea watu meno?" mke wangu aliniuliza. "Nataka mama acheke kwa harusi. Akikaa pale kama mtu wa matanga, mimi na wewe tutaongea."

Shida ni kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Humpi mkono, huli naye meza moja, ukimwona njiani unatafuta kichaka. Sasa utamchunguliaje mdomoni? Daktari ndiye aliyetuokoa. Siku yake ya kliniki ya Bungoma alimwita mama, akasawazisha kile kipande kilichobaki, akachukua umbo la meno na kuniletea nakala ya plasta. Plasta haina ukwe. Niliikodolea macho bila aibu, na pale karakanani tukaipa jina, yenyewe na kila kibonge cha kazi yake: Mama.

Jino lililovunjika huvishwa kofia. Kofia yenyewe huchongwa kutoka kwenye kibonge cha kauri. Unashindilia unga mpaka ushikane, unauchoma kidogo uwe kama chaki, unachonga kofia iliyo kubwa kuliko jino, kisha unaichoma kwa moto mkali inywee hadi kipimo chake. Vibonge vya kununua vilikuwa vimekwisha na vingine vilikuwa havijulikani viko bahari gani. Tulichobaki nacho ni unga. "Mikono mnayo," daktari alituambia, akaenda zake.

Alituambia mimi na mwenzangu, mzee mmoja wa Bungoma aliyekuwa akichomelea mageti kabla ya kuingia kwenye meno. Mzee alitengeneza kalibu ya chuma, yaani kile kikopo kinachoupa unga umbo. Wengine wote Kitale nzima walikiita mould, lakini mimi nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya usiku, na Kiswahili changu kilikuwa bado kinanukia chaki. Nikasema hapa ni kalibu, na kalibu ikawa. Sikufikiria kwamba mwenzangu, kama watu wengi wa kwao, alikuwa na ulimi unaobadilisha l na r jinsi majirani wanavyoazimana jembe.

Njia yake ilikuwa jeki. Unga ndani ya kalibu, kifuniko juu, halafu jeki ya lori inasukuma kutoka juu. Kibonge kilitoka kimenyooka, pembe zake zingeweza kumkata mtu. Tukakichoma, tukachonga, tukachoma tena. Kofia ikatoka imepinda kama kiatu cha mlevi, na ufa ubavuni.

"Mama amepasuka," mzee alisema kwa huzuni.

Tukarudia. Mama akapasuka tena. Nilimweleza kwamba unga wa juu unashiba nguvu yote, ule wa chini unabaki na njaa kwa sababu ukuta wa chuma unaushika njiani. Ukichomwa, uliolegea unanywea zaidi ya ulioshikana, na pande hizo zinavutana mpaka kofia inapasuka. Nikasema tutumie maji, maana maji yaliyofungiwa yakisukumwa husukuma pande zote sawasawa. Hiyo ni fizikia.

"Fizikia ya shule ya usiku," mzee alisema. "Ulisomea gizani, bana, ndiyo maana huoni kitu."

Mchana tulikuwa tunakula ugali na sukuma. Nikamwangalia mkono.

"Mzee, hilo tonge mbona huligongi na ngumi kwa juu?"

"Ati nini?"

"Si ndiyo njia yako? Kwa nini unalizungusha kiganjani?"

Aliliangalia tonge kama limemsaliti. "Si uniache nikule kwanza," akasema. Lakini alasiri hiyo alikata bomba nene la chuma, akalitilia kizibo, bila kuniambia ni la nini.

Tulijaza unga kwenye kidole cha glavu ya daktari, tukanyonya hewa kwa sindano, tukafunga kwa uzi, tukatumbukiza kwenye bomba lililojaa maji, ndipo jeki ikasukuma maji. Mara ya kwanza glavu ilivuja tukapata uji wa kauri, na mzee alicheka karibu apelekwe hospitali. Iliyofuata haikuvuja, ila kibonge kilitoka kama kiazi kitamu. Kilikuwa imara kila upande lakini hakikuwa na sura. Ukikinyoa kinyooke, nusu ya unga inaishia sakafuni.

"Chako hakipindi wala hakipasuki," mzee alikiri, "lakini ni kibaya sana."

Tukapatana. Jeki kidogo ndani ya kalibu, unga upate sura tu. Kisha unatoka, unavaa glavu, unaingia majini kufinywa kisawasawa. Kofia ya kibonge hicho ilitoka tanurini bila ufa, ikakaa juu ya plasta kama ilizaliwa pale. Daktari angeivalisha Bungoma, Ijumaa, kesho yake iwe harusi. Hata hivyo nilisema tufanye kibonge kingine cha akiba. Kwa mama mkwe huchezi.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa karakanani, suruali imekunjwa hadi magotini, nikijaza maji kwenye bomba. Upande wa pili wa ukuta wa mbao ndipo wagonjwa hukaa. Mzee alikuwa ametoka na kalibu kwenda kuchukua unga kwa daktari. Nikasikia akiita kutoka huko:

"Fundi! Mama yuko kalibu!"

Nikafurahi. Unga umeshaingia kwenye kalibu.

"Mfinye kidogo tu!" nikajibu kwa sauti yangu ya kuchunga ng'ombe. "Usimkaze sana! Halafu mvue, mvishe glavu, tumtupe kwa maji!"

Nikaongeza maji kwenye bomba.

"Na kesho tunamchoma!"

Upande wa pili kiti kikasogezwa kwa haraka. Halafu sauti ya daktari, polepole: "Mama, hiyo ni kazi tu. Kalibu kiti."

Hata daktari alikuwa amechanganyikiwa ulimi. Nikaelewa. Mama alikuwa amepata lifti ya watu wa kanisa wanaopitia Kiminini, akaja mwenyewe Kitale asingoje Ijumaa. Kumbe alikuwa *karibu*. Niliingia chini ya meza pamoja na bomba, nikajimwagia maji yote, nikabaki nimekumbatia magoti kama kifaranga.

Kutoka chini ya meza nilisikia kazi yote. Kiti kilipanda. Daktari akasema, "Panua." Kifaa kikakwaruza, kikanyamaza. "Uma meno." Nikasikia mgongano mdogo, tak. "Tena." Tak. Ndiyo sauti ya kofia iliyokaa. Halafu droo ikafunguliwa, nikajua amepewa kioo.

"Kwa hivyo," mama alisema, na maneno yalitoka wazi bila kiganja, "ni huyu alikuwa anataka nivuliwe nitupwe kwa maji?"

"Ni yeye, mama," mzee akasema. "Tena ako chini ya meza."

"Na kesho nichomwe?"

Kicheko kikaanza taratibu, kama lori linalowashwa kwenye baridi ya Kitale, kisha kikaja chote. Mbao za ukuta zilitetemeka. Plasta za meno ya watu zilitembea kwenye rafu. Nina hakika Mlima Elgon uliteremka kidogo.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Jino limemkaa aje?"

"Sijui," nikamwambia. "Nimelisikia tu."