Chenga kwenye rimoti

Leo nimefungiwa nje na gari la mteja, na aliyenifungia ni nusu punje ya mchele.

Mama mmoja anayeuza mchele hapa Kyela kaniletea gari asubuhi. Anasema linajifunga milango lenyewe.
Nikajua limeisahau rimoti ya milango. Nikaiseti upya: washa swichi, zima, bonyeza, sikiliza milango ijibu.
Ikajibu vizuri tu.

Nikaiacha rimoti kwenye kiti, ufunguo kwenye swichi, nikashuka kumwita mama.
Nyuma yangu nikasikia milango yote ikijifunga.

Nimehangaika na waya dirishani mpaka mgongo umekataa. Jua la huku mnalijua. Mama yuko kwenye benchi la kibandani kwangu anawasifia wateja wangu mchele wake, ndipo akakumbuka:
"Fundi, hiyo rimoti ilitumbukia kwenye ndoo. Nikaifungua, nikaifukia kwenye mchele ikauke."

Waya uliponasa kitasa nikaingia garini, nikaifungua rimoti na mimi. Kipande cha mchele kimenasa chini ya kitufe cha kufunga. Ukiilaza vibaya tu, inafunga gari.

Nikampa akione. Akakigeuza kiganjani.
"Hii ni chenga," akasema. "Mimi siuzi chenga. Hii imetoka kwako."

Kwangu wapi, jamani? Hapa kibandani sina hata sufuria.

Akasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, akawasha gari, akaenda zake.
Nyie mngemjibu nini?

Maana waliobaki kwenye benchi wananiuliza chenga nauza bei gani.