Kigimbi cha Kijana

Sisi wenye bucha hutundika mbuzi kwa kano ya kisigino. Ukipitisha kulabu hapo, inabeba mzigo wote. Ndiyo maana niliona ni dharau kano yangu mwenyewe ianze kuniuma nikiwa nimesimama tu na kisu changu, hapa Mikinduri.

Dada mmoja, mtafiti wa chuo kule Nchiru, alikuwa akitafuta watu wenye shida hiyo. Alitaka kupima ugumu wa misuli ya vigimbi vyao, aulinganishe na wa watu wazima wa afya.

Sasa, kwetu mtu haendi kupimwa akiwa ovyoovyo. Unaoga, unavaa kanzu ya Ijumaa, unajitengeneza mpaka daktari ashangae umefuata nini. Mimi nilizidisha. Mke wangu alinikanda kigimbi kwa maji moto na mafuta asubuhi yote, kikawa laini kama maini.

Yule dada alinilaza kifudifudi, akakigongagonga kigimbi kwa kifaa kidogo, akatazama namba, akarudia.

"Mzee, huu msuli ni wa kijana kabisa! Na kisigino, kinauma?"

Baada ya sifa kama hizo, ningesema kinauma?

"Hata kidogo," nikamjibu.

Akanitoa kwa wagonjwa, akaniweka katika kundi la wazima. Nilishuka kitandani kama mshindi. Kisigino, ambacho hakuna aliyekikanda wala kukisifu, kikakataa kusimama.