Gitaa Langu la Mfuniko wa Sufuria

Leo kanisani nimeambiwa nirudishe gitaa langu jikoni!

Ni gitaa la umeme nililochonga mwenyewe hapa Gurei, Juba, kwa ubao mmoja mzito wa mtiki. Katikati nimechimba shimo nikaweka mfuniko wa sufuria, uliogongwa na fundi hadi ukawa mwembamba. Nyuzi zikilia, mfuniko nao unalia.

Mwalimu wa kwaya akauona.

"Dada, kalas, yatosha, leta gitaa la dukani kama letu. Hapa hatupiki."

Kwaya nzima ikacheka. Nikachomeka waya wangu kwenye spika.

Wimbo wa pili, jenereta ikazimika. (Juba mnaijua.)

Kinanda kimya. Besi kimya. Gitaa lao la dukani likabaki ubao tu.

Langu likaendelea kulia bila umeme, likasikika mpaka kwa akina mama wa viti vya nyuma. Wakapiga vigelegele, wakaimba hadi mwisho.

Baada ya ibada mwalimu akanifuata polepole.

"Dada, unaweza kunichongea moja?"

"Naweza, mwalimu. Ila mfuniko utoe jikoni kwako, na mama watoto umweleze mwenyewe."

Anayeona nimekosea aandike hapa chini. Namsubiri.