Tangi Lililoota Kutu

Tangi jipya la maji ya mananasi lilipofika kiwandani kwetu Thika, meneja alitukusanya wote tulitazame.

"Hiki ni chuma kisichoshika kutu," alisema. "Hata mkitaka, hamwezi kukiharibu."

Tukapiga makofi, kama ilivyotarajiwa.

Kisha akasikia kwamba wakubwa wa kampuni wanakuja. Akaona tangi haling'ai vya kutosha, akanipa mimi na mwenzangu, Mkikuyu mwenyeji wa Ruiru, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Tulisugua mpaka viganja vikatoka malengelenge. Likang'aa hata meneja akachania nywele mbele yake.

Baada ya siku chache likaota madoadoa mekundu.

Siku hizo za Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau, Mkikuyu akiharibu kitu hakuwa amekosea kazi, alikuwa amefanya njama. Askari waliitwa, wakamchukua mwenzangu, wakamuuliza ametia dawa gani na ametumwa na nani.

"Nimetumwa na meneja," alijibu. Akazabwa kofi kwa utovu wa adabu.

Mimi niliachwa, kwa kuwa lazima awepo wa kusafisha.

Mtaalamu alikuja kutoka Nairobi, akachungulia ndani ya tangi.

"Nani aliwapa nyuzi za chuma?"

Sote tulimtazama meneja. Yeye alitazama paa.

Mtaalamu akaeleza kwamba chuma hiki kina ngozi nyembamba isiyoonekana, ndiyo inayokilinda. Tulikuwa tumeikwaruza na kuacha chembe za chuma cha kawaida, nazo ndizo zilizoshika kutu. Nikavaa glavu na aproni ya mpira, nikalipaka tangi asidi aliyoileta ili chembe zile ziliwe, kisha nikalisuuza kwa maji mengi. Tone moja lilinitoboa suruali. Tangi halikudhurika hata kidogo, bali ngozi yake ilirudi.

"Mbona haling'ai kama mwanzo?" meneja alilalamika.

"Ulinunua tangi au kioo?" mtaalamu akamuuliza.

Mwenzangu aliachiliwa kesho yake, shavu limevimba. Hakuombwa radhi. Meneja alimpa kopo la mananasi, ya aina ileile tuliyokuwa tukipakia kutwa.

"Asante, bwana," alisema. Tulipofika getini akaniuliza, "Tangi limepona?"

"Limepona."

"Ngai! Basi lina bahati. Lenyewe liliitiwa daktari."

Hakurudi tena. Alipata kazi kwenye shamba la kahawa kwao Ruiru. Mimi nilibaki miaka mingi, na tangi halikuota doa lingine, maana meneja alipiga marufuku nyuzi za chuma. Alisema sisi wafanyakazi hatujui kutunza vitu.