Nérida na Maji ya Kusini

Nérida Querevalú hakuwa mtu wa kumsumbua Mungu kwa mambo makubwa. Hakuomba nyumba ya ghorofa wala mabati mapya. Kila Jumapili alipiga magoti kanisani Yacila, kijiji chetu cha wavuvi, mbele ya Mtakatifu Petro, yule mwenye kiboti cha mbao miguuni, akaomba jambo moja tu: bahari iwe baridi.

Msimshangae. Sisi watu wa pwani hii ndivyo tulivyo. Jua linatuchoma mwaka mzima, mchanga unaunguza nyayo, na bado mtu akisema "maji yamepoa" nyuso zinakunjuka kijiji kizima. Maji yakiwa baridi, dagaa wapo, ngisi wapo, na hata mvivu anakula. Yakipata joto, samaki wanahama bila kuaga, halafu mvua isiyokuwa na adabu inatumwagikia na barabara ya kwenda mjini Paita inakatika. Nérida aliyajua hayo kuliko wengi. Mwaka ule wa tisini na nane bahari ilikuwa vuguvugu, watoto wakawa wanashinda humo kutwa kucha wakirushiana maji, nasi watu wazima tunawatazama kwa njaa. Binti yake Rosaura, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema maneno marefu, alishikwa na homa siku ambayo mafuriko yalikuwa yamekwisha kula daraja. Hospitali ilikuwa upande wa pili. Nérida alimzika juu kilimani, na kuanzia hapo bahari ya joto ikawa adui yake wa kufa na kupona.

Edilberto alizaliwa baadaye, msimu ambao samaki walirudi. "Huyu kaja na maji baridi," alisema Nérida akimfunga nepi, na hakuna aliyeweza kumtoa katika imani hiyo. Tulimwita Beto.

Wanaume wa kwetu wengi bado wanavua juu ya mabao ya balsa, mti mwepesi usiozama, yaliyofungwa pamoja. Ukikaa humo, miguu iko majini usiku kucha utake usitake. Asubuhi wanarudi vidole vimekuwa vyeupe, hata kamba hawawezi kuifungua. Ndiyo maana mwanamke wa Yacila hateremki ufukweni mikono mitupu. Anakuja na birika la maji ya moto yaliyozimuliwa, anammiminia mtu wake mikononi na miguuni taratibu, na mpaka amalize hakuna anayeuliza habari ya samaki. Nérida alimmiminia mumewe Santos mpaka moyo wa yule mzee uliposimama akiwa kitandani, nchi kavu. Kisha akaanza kummiminia Beto.

Na Beto alikuwa na utani wake uleule kila asubuhi. "Mama, unanipika!"

"Kaa kimya uive," Nérida alimjibu, na wanawake wote ufukweni wakacheka kana kwamba hawakuusikia jana.

Sasa, ngoja niseme na habari ya mezani. Pale gatini kuna meza ndefu ya saruji ambapo wanawake wanapara samaki na kupasua ngisi, na juu yake kuna ubao ambao katibu wa chama cha wavuvi anaandika joto la maji kila kukicha. Zamani tulitazama ubao, tukaguna, basi. Lakini watoto wetu walipoanza kutawanyika duniani, kila mama akawa na bahari yake ya ziada. Domitila Eche, jirani wa Nérida, ana binti anayetandika vitanda hotelini huko Italia. Mwingine ana mjukuu Panama. Wote wenye simu walipiga wakauliza habari za afya, na kabla ya kukata wakauliza: maji ya huko yakoje? Kesho yake wanakuja mezani kushindana. Aliye na bahari baridi kuliko wenzake ndiye mwenye mtoto mwenye bahati.

"Binti yangu kasema kwao ishirini na sita," alitangaza Domitila siku moja.

"Hiyo si bahari, shoga, hiyo ni supu," Nérida akamjibu bila kuinua kisu. "Mwambie atie kitunguu."

"Wewe unacheka, Beto wako hata Paita hajavuka!"

"Atavuka. Na akivuka hataenda kwenye supu."

Akavuka kweli. Mwaka uliofuata ubao ulipanda mpaka ishirini na nane, mvua ikatunyeshea vitandani, na mabao ya balsa yakalala mchangani yakipasuka kwa jua. Birika la Nérida likaning'inia msumarini, kavu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupashwa moto. Beto alivumilia, kisha akasikia kwamba meli moja ya Chile inatafuta mabaharia wa kuvua samaki wa kina kirefu, kusini kabisa mwa nchi ile, mahali ambapo ramani inakatikakatika kuwa visiwa.

Nérida alilia kituo cha basi, lakini alilia akitabasamu. "Kusini ndiko maji yetu mazuri yanakotoka," alimwambia. "Unakwenda kwenye chemchemi yenyewe, baba."

Meli ilikuwa na mtandao Jumapili, kwa foleni. Simu ya kwanza Beto alisema maji ni nyuzi kumi na nne. Nérida alipiga makofi. Iliyofuata, tisa. Nérida akatoka nje na simu sikioni akamwita Domitila dirishani: "Tisa! Umesikia? Ti-sa!" Domitila akajifanya anatafuta kuku. Kisha zikawa tano, na siku hiyo Nérida alikwenda kuwasha mshumaa kanisani kumshukuru Mtakatifu Petro, akapita mezani pasipokuwa na samaki hata mmoja wa kupara, akawaambia wanawake waliokaa kwa mazoea tu: "Mwanangu anavua kwenye maji ya digrii tano. Nani mwingine? Semeni."

Hatukuwahi kusikia bahari ya namna hiyo. Tulidhani ni neema tupu. Baridi tuliyoijua sisi ni ile ya kumi na saba: mtu anaanguka kwenye mabao yake, anaogelea kurudi huku akitukana, anamiminiwa birika na kunywa kahawa. Kwamba kuna baridi ya aina nyingine, nani angetuambia?

Beto alijaribu kumwambia. Jumapili moja sauti yake ilikuja imechoka.

"Mama, huku siyo kama kwetu."

"Samaki hawapo?"

"Wapo, wapo mpaka basi. Lakini baridi yake, Mama... Naamka vidole vimekataa kukunjuka. Sitaha inaganda barafu, unatembea umeshika kamba kama mlevi."

"Pole, baba. Vaa soksi mbili."

"Nimevaa tatu. Mama, juma hili tunaingia bandarini kushusha samaki. Kuna wenzangu wawili wanateremka, hawarudi melini. Nafikiria niteremke nao nije nyumbani."

Nérida alitazama nje. Ng'ambo ya njia alikuwa anapita mtu na ndoo tupu. Bahari nyuma yake ilikuwa ya kijani na nzuri, ya kuogea watalii, nayo aliichukia.

"Uje kufanya nini, mwanangu?" alisema kwa upole. "Huku ishirini na nane. Hata ngisi mmoja hakuna. Wewe uko kwenye maji baridi, uko kwenye baraka, unataka kuikimbia baraka? Mimi nakuombea kila siku ubaki palepale maji yasije yakapata joto. Vumilia safari moja tu. Huku yakipoa, nitakuita mwenyewe."

Beto alicheka, kicheko chake kile cha puani. "Haya, Mama. Safari moja. Lakini nikirudi nataka birika zima, usinipunje."

"Nitakupika mpaka uive."

Wale wenzake wawili waliteremka. Yeye alibaki.

Simu nyingine haikuja Jumapili. Ilikuja siku ya kazi, mchana, na aliyezungumza alikuwa mwanamume wa Chile mwenye kumeza nusu ya maneno. Domitila alikuwepo, amekuja kuazima chumvi. Anasema Nérida alikaa kitako kwanza, kabla hata hajasikia, kwa sababu ya siku yenyewe.

"Mama, kijana wako aliteleza sitahani. Aliangukia baharini."

"Beto anajua kuogelea," Nérida alisema haraka. "Anaogelea kuliko samaki. Mmemtafuta upande gani?"

"Tuligeuza meli palepale, mama. Palepale. Tulimwona."

"Mlimwona anaogelea?"

"Mwanzo, ndiyo."

"Sasa mbona hamkumngoja?"

Yule mtu alivuta pumzi. Nadhani alikuwa mtu mwema, na kazi ile hakuiomba. "Mama yangu, maji haya ni ya digrii tano. Huku mtu hazami kwa kutojua kuogelea. Mikono inakufa kwanza. Tulimtupia boya likamfikia hapa, kifuani. Hakuweza kulishika."

Nérida hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu: "Kwa hiyo ni baridi? Ni baridi ndiyo iliyomuua?"

"Ndiyo, mama. Ni baridi."

Mwili haukupatikana. Novemba ilipofika, tunapokwenda makaburini usiku kucha na mishumaa kukaa na watu wetu, alizika shati la Beto na viatu vyake vya mpira kando ya Rosaura. Domitila alikaa naye. Walikuwa wametaniana maisha yao yote.

"Watoto wangu wawili," alisema Nérida. "Mmoja kaondoka na joto. Huyu nikamwombea baridi, nikamwombea kwa magoti, Domitila. Nami nikapewa."

"Hukujua, shoga."

"Alitaka kuja. Aliniambia kwa mdomo wake, Mama nataka kuja. Nikamwambia abaki."

"Hukujua. Hata sisi tulikuonea wivu. Mimi nilikuonea wivu, unasikia? Nilimgombeza binti yangu kwa kukaa kwenye supu."

Nérida alimtazama, midomo ikamcheza, karibu acheke. Badala yake akakiweka kichwa chake begani kwa mwenzake akalia kilio ambacho watu wa makaburi ya jirani walikisikia, wakashusha sauti za nyimbo zao.

Tangu hapo hakuingia kanisani. Si kwamba alikufuru. Alimwambia padri waziwazi kwamba hajui tena aombe nini, kwa hiyo ni afadhali anyamaze asije akaua mtu mwingine. Alipita gatini ameinamisha kichwa asiuone ubao. Nasi tulijifunza kuacha kutaja namba akiwa karibu, jambo gumu kwetu kuliko kuacha chumvi.

Kisha maji yakaanza kupoa. Ishirini na tatu. Ishirini. Watu walikuwa wanaogopa kufurahi. Asubuhi moja katibu akaandika kumi na saba, akapiga mstari chini yake mara mbili, akashuka kwenye kiti akicheza. Mabao yote yalikuwa yametoka usiku ule, na sasa yalikuwa yanarudi yamelemewa, ndege juu yake wengi mpaka huoni anga. Wanawake walikimbia na mabirika. Watoto wakapiga masufuria. Mvuvi mmoja mzee, Policarpo Panta, alisimama ndani ya mawimbi hadi mapajani, akapaza sauti kwa furaha yake tu, bila kufikiri:

"Ya kusini haya! Maji ya kusini yamefika!"

Nérida alikuwa mlangoni kwake, anafagia. Alilisikia hilo neno. Domitila, aliyekuwa anateremka na birika lake, alimwona fagio limesimama mkononi, akataka kumpigia Policarpo ukelele afunge mdomo wake. Lakini Nérida alikuwa amekwisha kuingia ndani.

Alikaa humo muda wa maji kuchemka. Akatoka na birika, lile lililoning'inia msumarini, amelishika kwa kitambaa, mvuke unatoka. Akateremka katikati ya vikapu na vicheko. Watu walipomwona wakasogeza vikapu vyao, njia ikafunguka. Alikwenda mwisho wa ufukwe ambapo hapakuwa na mabao, akaingia majini na sketi yake mpaka magotini. Akashtuka. Yalikuwa ya baridi kweli, yanauma kwenye mfupa.

"Umefika umeganda hivi, baba," alisema.

Akainamisha birika. Alimimina taratibu, kidogo kidogo, kama anavyomiminiwa mtu ambaye vidole vyake havijakubali kukunjuka. Mkono wake wa pili ulikuwa chini, ndani ya wimbi, umefunguka. Domitila alikuwa amemfuata hadi ukingoni, na ndiye aliyesikia alichosema.

"Kaa kimya uive. Kaa kimya, mwanangu."

Birika likaisha. Akapapasa pale alipomimina. Maji yalikuwa baridi vilevile. Akapanda nyumbani, sketi ikichuruzika mchangani, kwenda kubandika jingine.