Grafu ya Choo cha Wasichana

Nilipangiwa kufundisha Hisabati katika shule ya msingi iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Siku niliposhuka kwenye bodaboda na mizigo yangu, upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa vyoo. Nilijikaza nisitapike mbele ya watoto waliokuja kunipokea.

Choo cha wasichana kilikuwa shimo moja lililozungushiwa mabati yenye kutu. Funza walikuwa wakitambaa hadi nje ya mlango, na sakafu ililoa hata kipindi cha jua kali. Sisi walimu tulikuwa na choo chetu, kisafi, chenye kufuli, na ufunguo wake ulikaa mezani kwa mwalimu mkuu. Wiki za mwanzo nilikitumia kama wenzangu. Kisha nikaanza kuona kwamba wasichana wa Darasa la Sita hawagusi maji ya kunywa. Nilimuuliza mmoja wao, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Msowero, ambaye kila ikikaribia saa sita alikuwa akilalamika kuumwa kichwa. Alinijibu kwa sauti ya chini, akitazama pembeni, kwamba akinywa maji atalazimika kwenda kule. Basi anavumilia mpaka afike nyumbani.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Alikuwa mtu wa upole na tabasamu, na alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta karatasi. Alisema shimo lina kina cha mita tatu. Lilichimbwa miezi ishirini iliyopita, na uchafu umefika kimo cha sentimita mia moja na ishirini. Akagawa, akapata sentimita sita kwa mwezi. Akachora na grafu, mstari mnyoofu ulioanzia sifuri ukapanda hadi mia tatu.

"Wewe ni mwalimu wa Hisabati," akaniambia. "Huu ni uwiano. Bado tuna zaidi ya miaka miwili."

Ile karatasi ilinitia kinyaa kuliko choo. Ilikuwa safi mno. Hapakuwa na mahali palipoonyesha kwamba muhula uliopita, baada ya mafuriko kubomoa shule jirani, watoto wake wote waliletwa kwetu. Tena yeye hakuwahi kuingia mle ndani; kipimo alikuwa ameletewa na mlinzi.

Mada ya uwiano ilikuwa inafuata katika Darasa la Sita, na kitabu kilitaka tuhesabu machungwa. Niliyaacha machungwa. Nilianza na kimo kile alichopima mlinzi, nikakiita wiki sifuri. Kuanzia hapo, kila Ijumaa nilijifunga kanga puani, nikatumbukiza mti mrefu shimoni hadi uguse uchafu, nikapima umbali kutoka sakafuni na kuutoa kwenye mia tatu. Watoto niliwakataza kuushika ule mti. Walisubiri mbali, wakiwa na jedwali lao, nami nikawatajia namba huku machozi yakinitoka. Ijumaa ya kwanza nilitapika nyuma ya jiko la shule. Wasichana waliniona, na hakuna aliyecheka.

Wiki ya kwanza tulipata mia moja na thelathini, ya pili mia moja na arobaini, ya tatu mia moja na hamsini. Tulipoziweka kwenye grafu, nukta zote zilikaa kwenye mstari mmoja, na darasa zima likasema ni uwiano. Yule binti akanyoosha mkono.

"Haigawanyiki sawa, mwalimu," alisema. "Mia na thelathini kwa moja ni mia na thelathini. Mia na arobaini kwa mbili ni sabini. Uwiano ungetoa jibu lilelile."

Nilimwuliza kwa nini basi mstari umenyooka. Aliutazama, kisha akasema haukuanzia sifuri kwa sababu tulipoanza kupima uchafu ulikuwepo tayari. Kinachokwenda kwa uwiano ni kile kilichoongezeka: kumi, ishirini, thelathini. Tukauandika mlinganyo ubaoni: kimo ni mia moja na ishirini, jumlisha kumi mara idadi ya wiki. Nikawaambia watafute ni lini kimo kitafika mia tatu. Walipata wiki ya kumi na nane. Mmoja akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu, akatuambia itakuwa katikati ya masika. Watoto wale walijua maji ya masika yanavyopita katika uwanja wa shule.

Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu aliniruhusu kubandika grafu, nadhani aliiona kama pambo. Nilieleza nilichoweza. Yeye akasimama, akasema makadirio ya ofisi yanatofautiana kidogo, na suala litashughulikiwa kwa utaratibu. Hapo ndipo baba wa yule binti alipoinuka. Aliwaamkia wazee kwanza, akasema mistari ile binti yake ameshamweleza nyumbani na ameielewa. Alikuwa na swali moja tu.

"Mwalimu mkuu, wewe unajisaidia wapi?"

Watu waliinamisha vichwa. Mwalimu mkuu alimtuma mlinzi ofisini, na ufunguo ukaletwa mbele ya wazazi.

Choo cha walimu kikawa cha wasichana tangu siku ile. Wakulima na wafugaji, ambao kwa kawaida hawakai benchi moja, walichimba mashimo mapya kwa zamu, na lile la zamani likafukiwa kabla ya mvua kubwa. Yule binti akaanza kuja na chupa ya maji, akiyanywa wakati wa mapumziko bila kujificha.

Mwaka huu walikuja wageni wa ukaguzi. Niliitwa ofisini niwamiminie chai, nikaikuta grafu yetu ukutani, ndani ya fremu ya kioo. Mwalimu mkuu alikuwa akiwaeleza jinsi alivyobuni zoezi lile na jinsi alivyowashirikisha wazazi tangu mwanzo. Mgeni mmoja alimwuliza nani alikuwa akipima.

"Tulikuwa tunapima," akajibu.

Niliweka birika mezani, nikaaga, nikaenda kumalizia kipindi cha Darasa la Tano.