Kifaa Kisichopiga Kelele

Mama aliniwekea masharti matatu, na yote aliyatoa akiwa amenipa mgongo, anapuliza jiko. Kifaa kiwe chepesi. Kisiogope maji. Na kisipige kelele.

Nilikuwa nimemweleza kwamba siku hizi kuna kitu cha mkononi, unene wa tochi, ambacho ukikigusisha kwenye jiwe kinakujulisha kama ndani mna madini. Watu wa machimbo wanakiita pinpointa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema maneno niliyoyangoja miaka mingi.

"Nitafutie macho mengine, nyara, na mikono yangu nitaitoa kwenye zebaki."

Nyara ni binti yangu kwa lugha yetu. Mama huniita hivyo akitaka kitu au akikubali kushindwa, na siku hiyo nadhani yalikuwa yote mawili.

Amechagua mawe machimboni, upande wa Nyatike, tangu mimi nikiwa darasa la pili. Wanaume wanashuka shimoni, mawe wasiyoyataka wanayatupa kando, na akina mama wanaketi juu ya lundo hilo kila mmoja na nyundo yake. Mama akipata jiwe jeupe analilamba, analipangusa kwa kidole gumba, analielekeza juani. Akiona punje inang'aa, jiwe linakwenda kulia kwake na litauzwa vilevile lilivyo. Yasiyoonyesha kitu yanapelekwa kusagwa, unga unaoshwa, halafu unatiwa zebaki kwenye karai na kukandwa kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikusanye dhahabu iliyo kama vumbi.

Ugomvi wetu ulikuwa hapo kwenye karai. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Homa Bay, nasoma, nasikiliza redio, najua zebaki ni sumu. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnunulia glavu akazipeleka kufunika miche ya sukumawiki. Kila mara alinijibu kwamba mikono hiyo ndiyo iliyonisomesha, na mimi nikafunga mdomo. Macho yake yalipoanza kufifia mambo yakazidi kuharibika. Hakuziona tena punje, kwa hiyo alisaga kila jiwe, na zebaki ikaongezeka.

Ndiyo maana masharti yale matatu niliyabeba kama mtu aliyepewa ahadi kwa maandishi. Pamoja nayo alinipa jiwe dogo jeupe lililofungwa kwenye kitambaa, lenye punje moja sawa na ulezi. Kifaa kisichoisikia punje hii, alisema, kibaki dukani.

Na hapa niseme jambo lingine, maana bila hilo mtu hataelewa nilikuwa na hasira gani moyoni. Nilikuwa nimejifungua kitinda mimba wangu, msichana, miezi mitano kabla. Mama alikuja Homa Bay kumwona, akakaa siku mbili, na hakumbeba hata mara moja. Nilipomnyooshea mtoto, alisema mikono yake ina vumbi la mgodi, nimlaze kitandani amtazame. Alikuwa ametoka kuoga. Huyu ni mwanamke aliyewabeba watoto wangu wawili wakubwa mgongoni mpaka majirani wakauliza kama wana mama mwingine. Sikumuuliza kwa nini. Nilinuna, na kununa kwangu kuna mizizi, hakung'oki upesi. Nilijiambia kwamba mama amechoka na wajukuu, kwamba lundo la mawe limemnyang'anya upole wake wote.

Likizo ilipofika nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Migori. Duka liko nyuma ya stendi, limejaa pampu, kamba na vichwa vya nyundo, na mwenyewe ni mwanamume mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alipanga pinpointa tatu juu ya meza, akatoa sarafu, akaanza kuonyesha jinsi kila moja inavyolia. Nilimwambia mama yangu hatafuti sarafu. Nikafungua kitambaa, nikaweka jiwe.

Ya kwanza ilisikia simu yangu, hereni zangu na msumari uliokuwa ndani ya meza. Ilisikia kila kitu isipokuwa dhahabu. Ya pili iliisikia punje ukiigusisha kabisa, lakini ilipiga mlio uliomwamsha mtoto, na haikuwa na namna ya kunyamazishwa. Ya tatu ilikuwa nyepesi, unaweza kuiosha kwenye ndoo, na ilikuwa na kitufe cha kuchagua ikulilie au itetemeke tu mkononi. Mwenye duka aliiweka kwenye mtetemo akanipa. Nilipoisogeza kwenye jiwe ikatikisika kiganjani kama simu iliyozimwa sauti kanisani. Nilifurahi kama mtoto. Nimpe haki yake, alinieleza wazi kwamba haisikii dhahabu ya vumbi, inasikia punje tu, tena karibu, na kwamba ikikaa kidogo bila kusikia madini inajizima yenyewe ili betri isiishe.

Kisha akanishauri niiweke kwenye sauti.

"Madam, mtetemo inategemea mkono wa mtu," alisema. "Mkono wa mathe uko sawa?"

Damu ilinichemka. Nilimjibu kwamba mkono wa mama yangu umevunja mawe tangu yeye akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na kwamba sikuja hapo kuulizwa habari za afya. Aliinua mikono kuomba radhi, akaniwekea betri za akiba bila kuzihesabia. Namkumbuka mara nyingi.

Lakini sharti la tatu la mama halikuwa maringo. Kwenye lundo la mawe, akina mama wamekaa bega kwa bega. Mmoja akipata, hapigi kelele, hata uso haubadiliki, kwa sababu wakijua tu, watahamia pale alipo na nyundo zao na kesho hatakuwa na pa kukalisha kigoda. Kifaa cha kulia mlio kingekuwa kama kulitangazia soko zima. Kwa hiyo nilichukua ile ya tatu, nikaiacha kwenye mtetemo. Bei yake sitaitaja, maana mume wangu naye anasoma.

Nilifika kwa mama mchana. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamshika kisigino kidogo kwa vidole viwili, akasema nimlaze kitandani, pana baridi nzuri. Nikamlaza, na nikanuna upya. Akanimiminia chai nusu kikombe. Nilimuuliza kama siku hizi majani ya chai yanapimwa kwa mizani. Alicheka, hakuongeza. Nilipotoa kifaa kwenye boksi alinirudishia niweke betri mimi, akidai macho hayaoni alama.

Somo la kwanza lilituvunja mbavu. Mama alichukua mawe yake bora akayapanga ndani ya karai lake la bati, nami nikapitisha kifaa juu yake. Kikatetemeka bila kupumzika. Mama akafumba macho, akasema dhahabu imejaa. Ikanibidi niyatoe mawe moja baada ya jingine, kifaa bado kinatetemeka, mpaka karai likabaki tupu na kifaa hakijaacha. Tulicheka hadi mama akakaa chini. Mimi mwalimu wa sayansi nilikuwa nimepima bati. Tangu hapo mawe tuliyaweka kwenye beseni la plastiki, na jiwe lenye punje ya ulezi likajibu vizuri, mkononi mwangu.

Asubuhi yake tulikwenda pamoja lundoni, mtoto akiwa mgongoni mwangu. Mashine za kusaga zilikuwa zinanguruma upande wa pili na akina mama wengine wawili walikuwa mbali kidogo, wamejifunika kanga vichwani. Mama alikificha kifaa ndani ya mkunjo wa leso, akawa anakigusisha kwenye mawe taratibu kama mtu anayepapasa mahindi. Mimi nilikuwa na nyundo.

Jiwe la kwanza alilonipa alisema limeitika. Nililipasua. Hamkuwa na kitu. La pili limeitika. Hamna. La tatu alisema limeitika kwa nguvu. Nilipasua mpaka likawa kokoto, nikalamba kokoto, nikazielekeza juani. Hamna hata chembe. Alivyoendelea kunipa mawe ndivyo nilivyomlaani mwenye duka na kalamu yake. Nilijiona nikirudi Migori siku hiyohiyo kumrushia kifaa chake mezani palepale. Mama alikuwa anafurahi, na furaha yake iliniudhi zaidi kuliko mawe, kwa sababu niliona ahadi yake inanikimbia. Kama kifaa ni kibovu, mikono inarudi kwenye zebaki.

"Mama, unasikia nini kwani?" nilimwambia, kwa sauti ambayo mtu hamwambii mama yake.

"Kinatetemeka, nyara. Hata sasa kinatetemeka."

Nilikichukua kutoka kwenye leso. Kina taa ndogo pembeni, ya kijani, inayowaka muda wote kikiwa kinafanya kazi. Taa ilikuwa imezima. Nilikigusisha kwenye kichwa cha nyundo, chuma kitupu, na hakikusema lolote. Kilikuwa kimejizima chenyewe, sijui tangu jiwe la ngapi.

Nikautazama mkono wake. Ulikuwa bado mbele yake, hewani, umekunjwa kana kwamba umeshika kitu. Ulikuwa unatetemeka.

Mambo yalikuja yote kwa pamoja: nusu kikombe cha chai, betri alizoniachia niziweke mimi, meseji za simu alizoacha kuandika tangu mwaka jana akanitumia sauti tu. Na mtoto wangu. Siku mbili Homa Bay, mikono miwili iliyooga ikikaa chini ya meza. Nilikuwa nimemhesabu mama yangu miongoni mwa watu wasionipenda sana, na yeye alikuwa ananificha mikono.

Sikutaka wale wengine wajue. Nilikaa karibu yake mpaka mabega yakagusana.

"Tangu lini, mama?"

Aliitazama mikono yake kama mali ya mtu mwingine. Alisema ilianza kidogo, kwenye sindano, hakuweza tena kupitisha uzi, akadhani ni macho. Kisha akadhani ni uzee. Alipoletewa kifaa kinachotetemeka hakukikataa, maana alijua mwenyewe jinsi mkono wake ulivyo, na aliamini ataweza kuutofautisha na mashine.

"Na mtoto?" nilimuuliza.

"Niliogopa nitamwangusha," alisema. "Afadhali unichukie kuliko nimwangushe."

Nililia pale lundoni, na mashine za kusaga zilinisitiri. Nilimwomba msamaha kwa vile nilivyomnunia, na yeye akaniambia hakujua kama nilinuna, alidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Sijui kama ni kweli. Ana tabia ya kumpunguzia mtu aibu.

Hospitali ya Homa Bay tulikwenda wiki iliyofuata, na daktari alisema yale niliyoyasikia redioni, ila kwa upole zaidi: aache zebaki kabisa, mikono inaweza kutulia kiasi, na inaweza isitulie. Mama alitimiza ahadi yake. Karai alilitoboa matundu akapanda maua ndani. Lundoni bado anakwenda, asubuhi tu, kuchagua mawe ya kuuza yalivyo, na kifaa nilikigeuza kikawa cha sauti. Kikilia, wenzake wote wanageuka, naye anawaambia ni msumari. Wanamwamini mara nyingi, maana mara nyingi ni msumari kweli.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni alasiri ya siku ile ya lundoni, tuliporudi nyumbani. Nilitandika mkeka, nikamkalisha mama akauegemea ukuta, nikamkunjia leso mapajani. Alikuwa anakataa huku anaitengeneza leso vizuri. Nikamweka mtoto mikononi mwake na mikono yangu nikaiacha chini ya yake, nikiuhisi mtikisiko unapita kutoka kwake kuja kwangu, mdogo, usiokoma. Mtoto alikuwa katikati ya kilio cha usingizi, kile cha kugeuza kichwa huku na huku. Alipofika pale alikunja uso, akasikiliza, akatulia. Macho yakaanza kumlegea.

Nilitoa mkono mmoja. Baada ya kitambo nikatoa wa pili.

Mama hakuthubutu hata kupumua sawasawa. Mikono yake ilimtikisa mtoto kidogo kidogo, bila kuchoka, na mtoto akalala fofofo.

"Anadhani nambembeleza," mama alisema.

Nikamwambia amwache adhani hivyo.